Niliificha Mbegu ya Mke Wangu Ndani ya Tangi la Maji

Nilikosa. Naanza hapo ili mtu asisome hadi katikati akidhani kuna mwingine wa kulaumiwa. Hakuna. Hata Shetani, nikilitazama jambo hili kwa makini, hakuhitajika. Kazi yote niliifanya mwenyewe, kwa mpango na kwa vifaa vyangu.

Jina langu msilichape. Si kwamba litafichika; watu wa Mukuyuni watanitambua kabla ya kufika aya ya tatu, na watacheka, na wana haki. Lakini wewe unayesoma ukiwa mbali, nivumilie nikueleze kama rafiki. Wa hapa wamechoka kunisikiliza.

Mimi ni fundi wa redio na sola. Shule niliiacha mapema, kusoma sikuacha. Nilijifunza umeme peke yangu, nikajifunza udongo, nikajifunza mambo ya mawingu na upepo. Nyuma ya nyumba nina chupa niliyoikata mwenyewe ya kupimia mvua. Sokoni wananiita Profesa, na kwa miaka mingi sikujua kwamba ni utani.

Tena nilikuwa mzee wa kanisa. Nilifundisha darasa la watu wazima kabla ya ibada, na somo langu nililolipenda kuliko yote lilikuwa imani. Ile punje ya haradali niliichambua mpaka nadhani haradali yenyewe ilichoka.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Mke wangu, nimwite Mama Mutheu, alikuja kwangu kutoka upande wa Kitui akiwa na kibuyu cha mbegu. Mama yake alimpa siku alipoolewa. Yalikuwa mahindi madogo, meupe, magumu kama changarawe, yasiyojua duka wala pakiti. Mama yake alikwisha kufa, na shamba la kwao likagawanywa na kupandwa mambo mengine. Mbegu hiyo ikabaki kwetu peke yetu. Kila mavuno alichagua magunzi bora, akapukuchua, akazipaka punje majivu na kuzirudisha kibuyuni.

Misimu miwili mfululizo mvua ilitukataa. Ghala likaisha. Tulikula mahindi ya msaada, yale yaliyokaa kwenye mabohari hadi dumuzi wakayatoboa kama chujio. Hata wakati huo, Mama Mutheu hakugusa kibuyu. Mbegu hailiwi, alisema, na hakurudia.

Oktoba ikakaribia. Kwetu Ukambani watu hupanda kavu. Hatungoji mvua inyeshe ndipo tupande. Tunaiweka mbegu vumbini, chini ya jua kali, ili tone la kwanza liikute ikingoja. Aliyechelewa hupitwa na mvua, maana mvua yetu haina muda wa kupoteza. Lakini isipokuja, mbegu ni ya mchwa na kwale. Huwezi kuifukua na kuirudisha kibuyuni.

Mimi nilikuwa nimefanya uchunguzi wangu. Nilisikiliza utabiri redioni, nikautazama upepo, nikakagua migunga kama imechipua. Nikahitimisha kwamba mvua ya mwaka ule haiwezekani. Sikusema kwamba ni vigumu ije. Nilisema haiwezekani, na nilisema kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu.

Nilimweleza Mama Mutheu kwa utaratibu. Tuweke mbegu hadi mvua za Machi. Akakataa. Nikamwambia basi tupande nusu, nusu ibaki.

Alikuwa akichambua majani ya kunde. Hakuinua hata macho.

"Baba Mutheu," alisema, "ukimpa Mungu nusu ya mbegu, unamwomba nusu ya mvua."

Sikuwa na jibu, na mimi nisipokuwa na jibu huwa mtu hatari.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya kuombea mbegu. Akina mama walileta zao mbele, wengine kwa vibuyu, wengine kwa sufuria, wengine kwa mikebe ya rangi iliyooshwa. Mchungaji aliomba. Kisha kila mmoja akachota konzi moja na kumpa aliye karibu naye, ndiyo desturi yetu, ili asiwepo wa kupanda peke yake. Mimi kama mzee wa kanisa niliitwa kufunga kwa sala ya kuomba mvua. Niliomba, ndugu yangu! Niliomba hadi mama mmoja akalia. Mchungaji alinishika mkono baadaye akasema sala ile imefika.

Nami nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba haikufika popote.

Kesho yake Mama Mutheu alikwenda kisimani, na foleni ya kisima wakati ule ilikuwa ya nusu siku. Nikachukua ungo. Nikamimina mahindi ya msaada, nikachagua punje ndogo zisizo na tundu, nikazipaka majivu. Nilikuwa nimekusudia kubadilisha nusu tu. Lakini nikiwa katikati nikajiuliza: kama mvua haiji, nusu hii inakwenda kufanya nini vumbini? Nikabadilisha yote. Kibuyu kikajaa mahindi ya serikali, na mbegu ya mama mkwe ikaingia kwenye mfuko wangu wa katani.

Nilijiambia ninaiokoa. Machi ningemletea, angelia kwa furaha na kusema kweli nimeolewa na mtu mwenye akili. Hata maneno yake ya shukrani nilikuwa nimemtungia.

Ilibaki kutafuta pa kuificha. Ghalani mna panya. Jikoni ni kwake. Kibandani kwangu watoto wa jirani huingia kuchaji simu. Nilizunguka boma nikitafuta mahali pakavu kuliko pote, na nikapapata.

Tangi la maji.

Usicheke bado. Lile tangi la saruji lilikuwa halijaona maji misimu miwili. Lilikuwa na ufa ubavuni, karibu na katikati, na hakuna aliyelikaribia. Ndani palikuwa pakavu, penye kivuli, pasipo panya. Nilikuwa nimesoma kwamba mbegu inahitaji kupumua, kwa hiyo sikutumia mtungi wenye kifuniko. Niliuacha mfuko wa katani hivyo hivyo, nikaushusha kwa kamba hadi chini, nikaiachilia kamba na kufunika tangi.

Baadaye niliipima imani yangu kwa tangi hilo. Mke wangu aliamini mvua itakuja hata akaiweka mbegu vumbini. Mimi niliamini haitakuja hata nikaiweka mbegu kwenye tangi la maji. Niambie, kati yetu ni nani aliyekuwa na imani kubwa zaidi? Miaka yote ya kufundisha habari za haradali, na siku nilipopata imani ya kuhamisha milima, niliielekeza kwenye ukame!

Tulipanda. Nilishika plau nyuma ya maksai wetu wawili, yeye akinifuata akidondosha punje mfuoni na kuzifunika kwa mguu. Vumbi lilitupanda hadi kwenye nyusi. Aliimba wimbo wa kanisani kwa Kikamba, polepole, ili uende sawa na hatua zake. Nilisikia kila ubeti. Sikugeuka.

Mara moja tu alinyamaza. "Mbegu ni nyepesi mkononi leo," alisema.

Nikamweleza kwamba punje hupoteza maji wakati wa kiangazi kirefu na kwa hiyo uzito hupungua. Nilieleza vizuri sana. Akasema, "Haya, Profesa," akaendelea kuimba.

Siku kadhaa baadaye nilikwenda Makindu kuchukua betri za sola. Nilipokuwa nikijadiliana na muuzaji, mabati ya duka yakaanza kugonga. Nilidhani ni watoto wanarusha mawe. Nikatoka nje. Barabara ya Mombasa ilikuwa imekuwa nyeusi, malori yamewasha taa mchana, na wanawake wa vibanda vya matunda walikuwa wamesimama mvuani makusudi, mikono imekunjuliwa.

Nilipanda gari la kurudi. Likageuzwa njiani kwa sababu mto ulikuwa unapita juu ya kivuko. Tukarudishwa Makindu. Simu ikalia. Alikuwa Mama Mutheu, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na mngurumo.

"Unasikia hiyo?" alisema akicheka. "Hiyo ni tangi. Maji yanaingia kama mto."

Nikauliza, "Gata haijaanguka?"

"Ianguke na ni kazi ya mikono yako?"

Ilikuwa kweli. Ule mfereji wa bati ukingoni mwa paa niliufunga mimi, na mteremko wake niliupima kwa pima maji, nikajisifu mbele ya majirani kwamba hakuna tone litakalopotea. Na halikupotea hata moja. Lau ningekuwa fundi mbaya kidogo tu!

Wasafiri tuliokwama tulikwenda kula kwenye hekalu la Wasikh, ambako mgeni hakatazwi chakula. Nilikaa sakafuni na sahani ya dengu mbele yangu. Kando yangu mfanyabiashara mmoja wa mbuzi alikuwa akitokwa na machozi akisema Mungu ameikumbuka Ukambani. Wote waliitikia. Nami, mzee wa kanisa, mwalimu wa imani, niliinamisha kichwa na kuomba mvua isimame.

Kisha nikaona aibu, nikairekebisha sala. Nikasema, Bwana, nyeshea wote, ila uruke paa langu.

Nilipofika nyumbani, maji yalikuwa yamefika kwenye ufa. Mama Mutheu alinipeleka kuyaona kabla sijavua viatu. Kuanzia siku hiyo hakuondoka karibu na tangi. Nilisema nataka kulisafisha. Akaniuliza nani husafisha maji mapya ya mvua. Alipokwenda kwa jirani nilijaribu kuvua mfuko kwa fimbo yenye ndoano; nikapata tope. Hesabu ikaniambia kwamba mbegu imekufa. Nikaamua siri ife nayo.

Lakini siri haikufa. Iliota shambani.

Mashamba ya majirani yalibadilika rangi. Yalianza kama ukungu wa kijani, kisha mistari, kisha mahindi yenyewe yakipeperusha majani. Letu lilitoa mche mmoja hapa, mwingine kule, kama meno ya mzee. Mama Mutheu alipiga magoti mfuoni akifukua kwa kidole. Alitoa punje iliyooza, akaiweka kiganjani, akaitazama muda mrefu. Niliogopa ataitambua. Hakuitambua. Hakunishuku kabisa. Afadhali angenishuku!

Alijishuku yeye mwenyewe. Aliacha kuimba. Jumapili alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama huwa inatokea kwamba Mungu anawasikia watu wote kijijini na kumkataa mmoja. Alitaka kujua kwa sababu mimi ndiye mwalimu. Nikamwambia njia za Mungu hazichunguziki. Ndiyo, nilisema hivyo! Bado naisikia sauti yangu.

Alifunga chakula. Alikwenda kuomba msamaha kwa mwanamke waliyegombana zamani sana kwa ajili ya kuku waliovuka mpaka. Aliniomba msamaha hata mimi, kwa kunijibu vibaya juu ya ile nusu. Nilimsamehe. Ndugu yangu unayesoma, nilimsamehe.

Mwishowe akina mama wa kanisa wakaja kumwombea. Kiongozi wao ni Mama Kioko, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mwanamke ambaye ulimi wake haujui kupumzika lakini mikono yake nayo haijui. Walikaa sebuleni, wakaimba, wakaomba Mungu aonyeshe kizuizi kilichoko katika boma hili. Mimi nilikuwa pale na Neno mikononi. Mama Kioko akanigeukia akaniomba niongoze sala hiyo ya kufunua yaliyofichika.

Niliiongoza. Nilisema, Bwana, kama kuna kitu kimefichwa, kifichue. Nilisema taratibu, nikitumaini Bwana hanisikilizi.

Baada ya amina, Mama Mutheu aliinuka kupika chai. Akasema maji ya tangi siku hizi yana harufu kidogo, hata maksai wameyakataa, lakini yakichemka itakuwa sawa. Akachukua ndoo.

Nilimfuata mbio na kumshika mkono. Nilimwambia asichote. Akina mama wakatoka mmoja mmoja wakasimama mlangoni. Nikaanza kueleza habari za vijidudu, na jinsi maji yaliyotuama hubadilika, na nadhani nilikuwa naeleza vizuri, kwa sababu mimi hueleza vizuri. Mama Mutheu aliniacha niseme. Ananijua. Alikuwa akiutazama mkono wangu, uliokuwa bado umemng'ang'ania.

"Baba Mutheu," alisema, "kuna nini ndani ya tangi?"

Nikamwambia. Sikupanga maneno, ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu. Nilisema, ni mbegu ya mama yako. Uliyopanda ilikuwa mahindi ya msaada. Niliibadilisha mimi kwa sababu sikuamini mvua itakuja.

Ndoo ilikuwa bado mkononi mwake. Nilingoja anipige nayo, na ningemshukuru.

Aliishusha chini polepole. Kisha akavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya mlima.

"Kumbe si Mungu," alisema. "Ni wewe tu."

Nimesoma mengi, lakini sijawahi kusoma hukumu fupi kama hiyo. Wiki zile zote aliamini kwamba Muumba wa mbingu amemkataa, na kumbe ni fundi wa redio. Machozi yalimtoka, lakini uso wake ulikuwa umefunguka. Alikuwa amerudishiwa Mungu wake, na wakati ule ule amepoteza mume aliyedhani anaye.

Mama Kioko alisogea mbele.

"Aiya! Ngoja nielewe," alisema. "Ulitafuta mahali ambapo mvua haitafika, ukachagua tangi?"

Mmoja alicheka puani. Mwingine akafunika mdomo na leso. Halafu wote wakaangua kicheko hadi wakashikana mabega, na Mama Mutheu katikati yao, analia na kucheka pamoja. Mimi nilisimama pale kama mlingoti.

Tuliutoa mfuko. Mbegu ilikuwa imeota mlemle gizani, michipukizi mirefu, myeupe, imepenya katani na kuoza. Yote ilikuwa hai siku mvua ilipofika. Nami ndiye niliyeizamisha.

Nilidhani ukoo wa mbegu ile umekwisha. Mama Mutheu naye alidhani hivyo, maana alikaa kando ya mfuko ule kama mtu aliyekaa matangani. Ndipo Mama Kioko akaacha kucheka.

"Dada, ile Jumapili ya mbegu ulikaa kando ya nani?" alimuuliza. "Si ulinipa konzi?"

Ilikuwa kabla sijabadilisha. Konzi ile ilikuwa ya kweli. Alikuwa ameipanda ukingoni mwa shamba lake, karibu na kijito, na alikuwa akijiuliza ni kwa nini mahindi yale mafupi yanayapita yale ya pakiti. Tulikwenda wote kuyaona. Mama Mutheu aliingia kati ya mistari akayagusa majani moja moja. Mimi niliambiwa nisimame nje ya ua, na nilisimama.

Katika hesabu zangu zote, konzi ile sikuwa nimeiweka. Niliona ni upotevu: unawezaje kuwa na mbegu kidogo hivyo na bado ugawe?

Gharama sasa. Niliacha uzee wa kanisa kabla sijaambiwa. Wanawake wale wale walirudi wakapanda pojo shambani kwetu, maana pojo haihitaji mvua ndefu. Mimi nikishika plau, wao nyuma yangu wakitunga nyimbo ambazo sitaziandika hapa. Sokoni jina la Profesa limekufa. Sasa ni Tangi. Wateja huleta redio wakauliza, "Tangi, hii nayo utaiweka wapi?" Mama Kioko alipovuna, alirudisha magunzi teule ndani ya kiondo. Mama Mutheu aliyapukuchua mwenyewe na kibuyu kikatundikwa juu ya meko, jikoni, ambako siingii nikiwa peke yangu. Hajawahi kunikataza. Lakini siku nilipoingia kutafuta kiberiti, nilimwona akikitikisa kibuyu baadaye, akisikiliza uzito. Hiyo ndiyo gharama.

Basi wewe unayesoma, nakuonya. Kama huamini, sema kwamba huamini. Simama kanisani useme mwanangu haponi, mvua haiji, mlango haufunguki. Watakuombea, au watakubishia, lakini utakuwa mkweli na hutamdhuru mtu. Usiwe kama mimi, niliyeomba kwa mdomo mbele ya watu, na nyumbani nikapanga kana kwamba Mungu yuko likizo. Na ukimwona mwenzako ana imani ambayo kwako ni upumbavu, usimwokoe kwa siri. Huenda yeye ndiye anayekubeba.

Oktoba nyingine imefika. Mbingu ni kama bati jipya, hakuna wingu, na redio inasema tusitarajie mengi. Jana tulipanda, kavu. Mama Mutheu alinipa punje ya kwanza niidondoshe mimi, akiniangalia mkono, kisha akachukua kibuyu na kunifuata. Katikati ya mstari wa pili alianza kuimba.

Leo asubuhi nimeziba ufa wa tangi kwa saruji na kuipima upya gata. Jirani aliyepita njiani aliniuliza, "Tangi, unajiandalia mvua gani?" Nikamwambia sijui. Nikapanda ngazi kukaza msumari wa mwisho.